Leseni ya Pikipiki Ikivuka Mpaka: Unaruhusiwa Kuendesha Nini na Wapi?

Swali: "Nina umri wa miaka 22. Leseni yangu ina daraja la gari na daraja la pikipiki lisilo na kikomo cha ukubwa wa injini, na nimezoea pikipiki ya 150cc. Mwaka ujao naenda kusoma Ulaya kwa miaka miwili, na kabla ya kufika huko nataka kupitia Japani na Vietnam nikakodi pikipiki kwa wiki chache. Rafiki mmoja ananiambia leseni ya kimataifa inatosha kila mahali. Mwingine anasema hata leseni ya gari peke yake inaniruhusu kuendesha hadi 125cc. Na je, nikifika Ulaya naweza kununua pikipiki ya 650cc? Kila ninayemuuliza ananijibu tofauti, naogopa kujikuta kwenye matatizo ugenini."

Jibu:

Ndugu msomaji, una haki ya kuchanganyikiwa, kwa sababu marafiki zako wote wawili wameshika ukweli nusu. Huyu wa leseni ya kimataifa kasahau kwamba ziko za aina zaidi ya moja. Huyu wa 125cc ametaja ruhusa iliyopo kweli katika baadhi ya nchi, ila haikuhusu wewe. Na hilo swali la 650cc lina majibu matatu tofauti kwa pikipiki ile ile, kutegemea umesimama nchi gani.

Shika hili kwanza, mengine yatafuata. Kinachovuka mpaka ni daraja lililoandikwa kwenye leseni yako. Ujuzi wako na miaka uliyoendesha vinabaki kwako. Askari wa kigeni na kampuni ya bima hawavioni. Nchi unayoingia italisoma daraja hilo kwa vipimo vyake, na itakuuliza mambo matatu: je, tunaitambua karatasi hii? Daraja hili kwetu ni sawa na lipi? Na wewe ni mgeni wa kupita au mkazi? Mtu anaweza kushinda swali la kwanza na la pili akaangukia la tatu, na hapo ndipo wanafunzi wengi wa ughaibuni wanaponaswa.

Tuanze na karatasi. Kinachoitwa leseni ya kimataifa ni kijitabu cha tafsiri ya leseni yako, kinachotolewa na mamlaka au chama kilichoidhinishwa cha nchi iliyokupa leseni. Peke yake hakina nguvu. Unatembea nacho pamoja na leseni halisi, na leseni halisi ikiisha muda, kijitabu nacho kimekufa. Ndani yake kuna orodha ya madaraja, na mbele ya kila daraja ulilo nalo hugongwa muhuri. Pikipiki ni daraja A. Magari madogo ni B. Kosa linalotokea sana ni mtu kupokea kijitabu chenye muhuri mbele ya B tu, ama kwa sababu mtumishi hakuangalia vizuri, ama kwa sababu mwombaji hakusema, halafu akapanda ndege bila kukifungua. Fungua ukurasa huo ukiwa bado dirishani. Kama A haina muhuri, usiondoke.

Tena, epuka tovuti zinazouza "leseni ya kimataifa" kwa mtu yeyote wa nchi yoyote, nyingine zikiahidi uhalali wa miaka mingi mno. Hakuna mkataba wowote unaozitambua. Zinafanana na kijitabu halisi kwa rangi na mpangilio, na mtu wa kukodisha pikipiki anaweza kuzikubali bila kusita, lakini siku ya ajali ni sawa na kutokuwa na kitu.

Sasa hizo aina. Kuna kijitabu kinachotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa tarehe 19 Septemba 1949, na kingine chini ya Mkataba wa Vienna wa tarehe 8 Novemba 1968. Tarehe ya mkataba huandikwa kwenye jalada, kwa hiyo huhitaji kubahatisha. Cha 1949 hudumu mwaka mmoja. Cha 1968 kinaweza kudumu hadi miaka mitatu, au mpaka leseni yako ya nyumbani iishe, lolote litakalotangulia. Nchi hazikusaini mikataba yote miwili kwa pamoja, na safari yako imegonga hasa mahali pabaya: Japani inatambua kijitabu cha 1949 tu, Vietnam inatambua cha 1968 tu. Kijitabu kimoja hakitakufikisha kote kuwili. Uliza mamlaka ya nchi yako inatoa kipi. Ikiwa inatoa vyote viwili, chukua vyote. Ikiwa inatoa kimoja, basi panga kuendesha katika nchi moja kati ya hizo mbili, na nyingine uitembelee kwa treni na basi. Najua jibu hili linauma ukiwa tayari umeshachora ramani. Lakini linauma kidogo kuliko bili ya hospitali ambayo bima imekataa kuilipa.

Japani ina mambo yake mengine. Kijitabu cha 1949 kinakubaliwa kwa mwaka mmoja tangu siku ya kuingia nchini, mradi chenyewe kiwe bado hai. Madaraja ya wenyeji yamegawanywa kwa ukubwa wa injini: kuna kipikipiki cha hadi 50cc, kuna daraja dogo la hadi 125cc, daraja la kawaida la hadi 400cc, na daraja kubwa lisilo na kikomo, linaloanzia umri wa miaka 18. Tangu Aprili 2025 kundi la chini limepanuliwa likaingiza pikipiki za hadi 125cc ambazo nguvu yake imebanwa isizidi kilowati 4. Mjapani mwenye leseni ya gari anaruhusiwa kupanda kipikipiki cha 50cc bila mtihani mwingine. Mgeni mwenye kijitabu chenye muhuri wa B pekee haruhusiwi hata hicho. Lazima awe na A. Hapo unaona kwa nini nimesisitiza muhuri. Barabara kuu za kasi za Japani zinataka pikipiki iliyozidi 125cc, kwa hiyo 150cc yako unayoizoea ingepita. Kubeba abiria kuna masharti ya ziada: kwenye barabara za kawaida uwe umetimiza mwaka mmoja na leseni ya pikipiki, na kwenye barabara kuu za kasi uwe na umri wa miaka 20 na miaka mitatu ya leseni. Kama unapanga kumpakia mwenzio, hakikisha tarehe ya kupata daraja la pikipiki inasomeka kwenye leseni yako.

Vietnam, kuanzia Januari 2025, daraja A1 kwa leseni mpya linaishia 125cc au kilowati 11 kwa za umeme, na zaidi ya hapo ni daraja A. Zamani A1 ilifika 175cc, na waliozipata wakati huo wanaendelea nazo kama zilivyokuwa. Ndiyo maana maelezo uliyosoma miaka michache nyuma, au ushauri wa mtu aliyewahi kuishi huko, unaweza kuwa wa kweli kwake na wa uongo kwako. Vipikipiki vya chini ya 50cc, na vya umeme visivyozidi kilowati 4, havihitaji leseni huko, umri ukiwa umefika miaka 16. Huo ni mlango halali kwa mgeni asiye na kijitabu cha 1968, ila soma mkataba wa bima yako ya safari kabla hujautumia: kuruhusiwa na sheria na kulipiwa na bima ni vitu viwili.

Tukija kwenye ule usemi wa leseni ya gari kubeba 125cc. Usemi huo umetoka Ulaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaziachia nchi wanachama uhuru wa kuruhusu mwenye leseni ya gari aendeshe pikipiki ya daraja A1, yaani ya hadi 125cc, ndani ya mipaka yake tu. Italia inaruhusu. Uhispania inaruhusu baada ya miaka mitatu ya leseni ya gari. Ufaransa inataka miaka miwili na mafunzo ya saa saba. Ujerumani inaandika alama ya 196 kwenye leseni ya B kwa mtu aliyetimiza miaka 25, mwenye leseni ya gari kwa angalau miaka mitano, aliyemaliza vipindi tisa vya dakika 90, vinne vya nadharia na vitano vya vitendo. Austria nayo ina utaratibu wake wa miaka mitano na saa sita. Ruhusa zote hizi huishia mpakani. Mjerumani mwenye 196 akivuka kuingia nchi jirani na pikipiki yake, huko anaendesha bila leseni. Wewe una daraja halisi la pikipiki, hivyo usiegemee upande wa gari hata kidogo. Ukiulizwa, onyesha A.

Kabla ya kujibu la 650cc, nieleze kwa nini nchi zimetofautiana kiasi hiki, maana ukielewa chanzo utaweza kusoma sheria ya nchi yoyote bila kuniuliza. Wote wanataka jambo lile lile: dereva mpya asipewe mashine inayomzidi. Wanachobishana ni namna ya kupima "kuzidi". Kipimo cha zamani na chepesi ni ujazo wa injini. Mtu yeyote anaweza kukisoma kwenye kadi ya pikipiki. Udhaifu wake ni kwamba ujazo hausemi nguvu. Injini ya 400cc yenye silinda nne inaweza kutoa zaidi ya kilowati 50, na ya 650cc iliyotengenezwa kwa upole ikatoa 35. Na pikipiki ya umeme haina ujazo kabisa. Kwa hiyo nchi nyingi zimehamia kwenye kilowati, na baadhi zikaongeza uwiano wa nguvu kwa uzito, kwa sababu nguvu ile ile kwenye chombo chepesi hukurusha haraka zaidi.

Ulaya ndiyo iliyokwenda mbali katika hili. Tangu tarehe 19 Januari 2013 nchi za Umoja huo zinatumia ngazi nne. AM ni ya vipikipiki visivyozidi kilomita 45 kwa saa. A1 ni hadi 125cc na kilowati 11, uwiano usizidi kilowati 0.1 kwa kila kilo. Maana yake pikipiki ya kilowati 11 kamili sharti iwe na angalau kilo 110. A2 ni hadi kilowati 35 na uwiano usiozidi 0.2, yaani ya kilowati 35 iwe na angalau kilo 175. Juu ya hapo ni A, bila kikomo. Umri wa msingi ni 16 kwa A1, 18 kwa A2, na kwa A ni 20 ukiwa umekaa miaka miwili na A2, au 24 ukiingia moja kwa moja. Nchi zinaweza kupandisha. Uingereza, iliyobaki na mfumo ule ule, inasema 17, 19, na 21 au 24. Ufaransa tangu 2016 imefunga mlango wa moja kwa moja: hata ukiwa na miaka 40, unaanza na A2, unakaa miaka miwili, kisha unafanya mafunzo ya saa saba.

Sasa chukua pikipiki moja tuipeleke nchi hadi nchi. Royal Enfield ina injini ya silinda mbili ya 648cc inayotoa takribani kilowati 35, na uzito wa pikipiki zinazoibeba unapita kilo 200. Ulaya hiyo ni A2. Kijana wa miaka 18 anaiendesha kihalali. Australia na New Zealand zina orodha ya pikipiki za wanafunzi: injini isizidi 660cc, na nguvu isizidi kilowati 150 kwa tani, uzito ukihesabiwa pamoja na dereva wa kilo 90. Ukipiga hesabu, kilo 200 za pikipiki na 90 za dereva ni tani 0.29, na 35 kugawa kwa 0.29 ni kama 121, kwa hiyo inapita hata kwa mwanafunzi. Ukiipeleka Japani, ujazo wake umepita 400cc: inataka daraja kubwa. Singapuri vilevile inahesabu ujazo: hadi 200cc ni daraja 2B, 201 hadi 400 ni 2A, zaidi ya hapo ni daraja 2, na kati ya ngazi na ngazi unasubiri mwaka mmoja. Pikipiki hiyo hiyo huko ni ya ngazi ya juu kabisa. Geuza upande wa pili: ile 400cc ya kilowati zaidi ya 50 Japani ni ya daraja la kawaida, Ulaya ni ya A kamili. Na 150cc yako, ambayo mara nyingi haifiki hata kilowati 11, Ulaya inahesabiwa A2 kwa sababu tu imepita 125cc. Wengi hushangaa, lakini masharti ya A1 yote mawili lazima yatimie.

Marekani imechagua njia tofauti kabisa. Kila jimbo lina sheria yake, na kwa kawaida hakuna ngazi za ukubwa: ukipata daraja M, au nyongeza ya pikipiki kwenye leseni ya gari, unaruhusiwa chochote kuanzia siku hiyo. Majimbo mengi humsamehe mtihani wa vitendo aliyemaliza kozi ya msingi inayotambuliwa. California inaifanya kozi kuwa lazima kwa wasiofika miaka 21. Ontario, Kanada, inabana muda na mazingira badala ya injini: leseni ya kwanza, M1, inadumu siku 90, hairuhusu kuendesha usiku, wala kubeba abiria, wala tone la pombe.

Turudi kwako. Ukiwa Ulaya kama mgeni wa kupita, leseni yako ya A isiyo na kikomo, ikiambatana na kijitabu au tafsiri rasmi pale inapodaiwa, kwa kawaida inasomwa kama A. Tatizo lako ni kwamba hutakuwa mgeni. Miaka miwili ya masomo inakugeuza mkazi, na saa inaanza kuhesabu. Ujerumani leseni ya nje ya Umoja inatambuliwa miezi sita tangu uanze kuishi huko. Inaweza kuongezwa miezi sita mingine ukithibitisha kwamba hutakaa zaidi ya mwaka, jambo ambalo wewe huwezi kulithibitisha. Baada ya hapo kuendesha ni kosa la jinai, sawa na mtu asiye na leseni. Uingereza ni miezi 12. Ufaransa kwa mkazi wa kawaida ni mwaka mmoja, ila mwenye kibali cha kuishi cha mwanafunzi anaruhusiwa kuendelea na leseni yake kwa muda wote wa masomo. Kwa hiyo jina la nchi unayokwenda lina uzito kuliko neno "Ulaya".

Muda ukikaribia kwisha una njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha leseni, endapo nchi hiyo ina makubaliano na yako. Hapa uliza swali moja bila kuzunguka: je, makubaliano yanahusu na daraja la pikipiki, au ni la gari tu? Kuna wanaorudishiwa leseni mpya yenye B peke yake, na ile ya zamani imeshachukuliwa. Iombe orodha ya madaraja kwa maandishi kabla ya kukabidhi leseni yako. Jambo la pili ambalo wachache huambiwa: leseni iliyobadilishwa kutoka nchi ya nje ya Umoja huandikwa alama ya 70 na herufi za nchi ulikotoka, na ukihamia nchi nyingine ya Umoja kuishi, nchi hiyo mpya halazimiki kuitambua. Kama kuna uwezekano utahama baada ya shahada, kubadilisha kunaweza kukurudisha mwanzo.

Njia ya pili ni kufanya mtihani, na kwa umri wako ningekushauri hii, ukiwa na fedha za ada na muda. Kabla ya miaka 24 huwezi kuingia A moja kwa moja, utapewa A2. Usisononeke. Ukiipata mwaka ujao ukiwa na miaka 23 hivi, ukikaa nayo miaka miwili utakuwa umefika 25, mwaka mmoja tu baada ya umri ambao ungeruhusiwa kuingia moja kwa moja, ila muda wote huo utakuwa tayari una leseni ya Ulaya inayotambulika katika Umoja mzima, na kupanda kwenda A kutakuwa kwepesi zaidi katika nchi nyingi: Ujerumani mtihani wa vitendo tu, Ufaransa zile saa saba. Na 650cc unayoitamani inaweza kuwa ndani ya A2.

Ukitaka kununua pikipiki iliyopunguzwa nguvu ili iingie A2, kuna mtego. Sheria inakataza pikipiki ambayo nguvu yake ya asili inazidi mara mbili ya ile iliyobaki. Kwa hiyo ya kilowati 70 inaweza kubanwa hadi 35. Ya 75 haiwezi, hata ukiifunga kizuizi cha aina gani. Muuzaji asipokueleza nguvu ya asili, itafute mwenyewe kwenye hati za kiwanda. Kizuizi, kiwe ni cha kubana akseleta au cha kurekebisha kompyuta ya injini, kiwe na cheti, na bima waarifiwe. Mtu akikutolea kizuizi "kwa siri", umekuwa dereva asiye na leseni kwenye pikipiki isiyo na bima.

Kwenye mtihani, fanya wa pikipiki yenye klachi na gia. Ukifanya kwa skuta au ya umeme, Ulaya leseni yako huandikwa alama ya 78, na hutaruhusiwa pikipiki yenye klachi mpaka urudie. Japani na Uingereza nako ni hivyo hivyo. Dereva mzoefu huingia akidhani atapita kirahisi, na ndiye anayefeli kwa mambo ya tabia. Anageuza bila kutazama nyuma ya bega kwa sababu amezoea vioo. Anasimama kwa breki ya nyuma tu. Anasahau kuzima indiketa. Sehemu ya kwanza ya mtihani wa vitendo wa Uingereza inafanyika uwanjani: kusukuma pikipiki kwa mkono, kupita kati ya koni, umbo la nane, kugeuka, kisha kusimama kwa dharura na kukwepa kizuizi, hivi viwili vya mwisho kwa kasi isiyopungua kilomita 50 kwa saa. Ukifika na 47, umepoteza alama hata kama umesimama vizuri. Japani kuna ubao wa upana wa sentimita 30 na urefu wa mita 15, unaotakiwa kupitwa polepole: kwa daraja la kawaida usiumalize chini ya sekunde 7, kwa daraja kubwa sekunde 10. Ukianguka, mtihani umeishia hapo.

Mazoezi ya mwendo huo wa taratibu ni yale yale popote. Shikilia klachi pale inapoanza kushika tu, acha akseleta thabiti bila kuipandisha na kuishusha, kasi uidhibiti kwa breki ya nyuma kwa kuikanyaga kidogo. Breki ya mbele usiiguse usukani ukiwa umekatwa, maana ndiyo inayoangusha wengi. Na macho yatazame unakokwenda, mwisho wa ubao au nje ya kona. Ukiangalia tairi la mbele, mwili utalifuata na mguu utagusa chini.

Jambo la bima nimelirudia mara kadhaa na nitalimalizia hapa, kwa sababu ndilo linaloharibu maisha ya watu. Mwenye duka la kukodisha anaweza kukupa ufunguo bila kuangalia leseni. Hiyo ni biashara yake. Bima za safari nyingi zina kifungu kinachotaka uwe na leseni halali kwa pikipiki ile, katika nchi ile, na uvae helmeti. Nyingine zinaishia 125cc hata kama leseni yako ni kubwa zaidi. Na kwenye bima ya lazima ya watu wengine, nchi nyingi zinairuhusu kampuni kumlipa aliyeumia kisha ikakudai wewe, dereva usiye na leseni, kila senti. Pigia bima simu kabla ya safari, wape ujazo, kilowati, nchi, na aina ya kijitabu ulicho nacho, halafu uwaombe wakujibu kwa barua pepe. Jibu la simu halina ushahidi.

Yako mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, na inabidi uende mwenyewe. Tarehe ambayo nchi unayokwenda inaihesabu kuwa mwanzo wa ukazi wako, iulize ofisi ya leseni ya mji utakaoishi, ukiwa na pasipoti na barua ya chuo mkononi, katika wiki zako za kwanza. Ukisubiri mwezi wa tano, foleni za miadi zinaweza kukumalizia muda. Ikiwa umewahi kufungiwa leseni popote, au leseni yako ina sharti la kiafya kama miwani, usitegemee tafsiri ya kawaida, pata ushauri wa ofisi hiyo hiyo. Ikitokea ajali yenye majeruhi na una shaka juu ya daraja lako, usisaini maelezo yoyote kwa lugha usiyoielewa. Omba mkalimani, wasiliana na ubalozi, na utafute wakili wa huko kabla ya kuzungumza na bima ya upande wa pili. Na kabla ya kujiandikisha mtihani wa A2, lipia saa moja tu kwenye shule ya udereva ya pikipiki ya mji huo. Mwalimu akikuona ukiendesha kwa dakika 60 atakuambia unahitaji masomo mangapi, na utajua kama bajeti yako inatosha kabla hujalipa ada ya mtihani.